Vaze ya Kijani ya Mamzeli

Tangu nilipokabidhi ufunguo wa kabati la vioo, hakuna mtu anayenipindulia chombo mbele ya pua na kuniuliza, "Mama Zaina, hii ni ya kweli?" Sijui kama mnaelewa raha yake. Juzi nilialikwa arusi huko Mikelenge. Katikati ya meza ya maarusi kulikuwa na vaze yenye maua ya plastiki, na binti yangu akanitazama, akisubiri niinuke nikaigeuze nione matako yake. Sikuinuka. Nilikula wali wangu na kuku wangu, nikanywa soda, nikarudi nyumbani. Vaze ile mpaka leo sijui ilitoka wapi, na sitaki kujua.

Lakini ninyi vijana wa depo mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi, nami nimekubali, mradi msiniulize nilipanda cheo lini na nililipwa nini. Mambo hayo hayana utamu. Nitaandika niliyoyaona, na mahali nitakaposahau nitaruka.

Niliingia depo, duka letu la vitu vya zamani, nikiwa msichana. Baba Kambale, mwenye depo, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa sala na wa hesabu, na alikuwa ananunua vitu vilivyoachwa na wazungu: viti, saa za ukutani, mashine za kushona, vyombo. Depo ilikuwa karibu na stesheni, ili mtu anayeshuka kwenye gari la moshi aione kabla pesa yake haijaisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi. Nilipewa kitambaa kimoja na onyo moja: kitakachovunjika, nimevunja mimi.

Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na vaze, ndiyo vyombo vya maua, zimepangwa pamoja na vyungu vya kukojolea vya zamani, kwa sababu Baba Kambale aliona vyote vina mdomo mpana. Siku chache baada ya mimi kuanza, akaingia Mamzeli. Hivyo ndivyo Kindu nzima ilivyomwita: mmisionari Mmarekani, mrefu, mwenye viatu vya kiume, mwalimu wa misioni kwa miaka mingi kiasi kwamba alikuwa anagombana sokoni kwa Kiswahili chetu. Alikuja kutafuta taa. Akaona vaze moja ya rangi ya samawati, akaichukua, akaigeuza. Kisha akaniuliza kama ninajua nilichokuwa nimekiweka jirani na chungu cha mkojo.

"Hapana, Mamzeli."

"Hii imetoka kwetu. Ohio. Baba yangu alikuwa anafanya kazi kwa tanuru la vitu kama hivi." Akanishika mkono, akaweka kidole changu chini ya vaze. "Zaina, anza chini. Juu, kila muntu anaona."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Siku ambazo depo ilifungwa mapema nilikuwa nakwenda nyumbani kwake misioni, na tulikuwa tunakaa barazani na vaze zake sita mezani, zote alizokuja nazo kwenye sanduku lenye majani makavu. Alinifundisha kwamba namba iliyochorwa chini si bei. Namba ya kwanza ni ya umbo, ile ya pili ni urefu, kwa inchi. Baba Kambale alikuwa ameuza vaze ya inchi nane kwa bei ya nane, akifurahi kwamba mzungu amemrahisishia kazi. Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti cha kuuza, akavua miwani.

"Basi ile ya kumi na mbili?" akauliza.

"Ni ndefu tu, Baba."

Mamzeli alinifundisha kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: nzima inalia, yenye ufa inakohoa. Alinifundisha kwamba ile mistari midogo kama utando, inayoenea kwenye rangi yote, si ufa. Udongo na rangi hupoa kwa mwendo tofauti baada ya moto, na rangi ikizidiwa inapasuka vipande vidogo. Wanunuzi wengi wanaogopa mistari hiyo bure. Alinifundisha pia kuhusu tundu. Wamarekani walipenda kugeuza vaze kuwa taa, wakitoboa chini ili waya upite. Kama tundu lina rangi ndani yake, lilitobolewa kiwandani kabla ya kuchomwa, na vaze haijapoteza kitu. Kama ndani ya tundu kuna udongo mtupu, basi kuna mtu aliyekaa nyumbani na keke akaharibu mali.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache, nami nimewaachia vyote isipokuwa kimoja. Lenzi ya mkononi, tochi nyembamba ya kumulika ndani, utepe wa kupimia wenye inchi, kitambaa laini. Kile ambacho sikuwaachia ni ukucha wa kidole gumba, maana ndio unaojua kutofautisha rangi laini na rangi ya chokaa. Fugeni wenu.

Adui wetu mkubwa hakuwa mwizi. Alikuwa adabu. Mnajua jinsi tunavyolelewa huku: chombo hakiendi mbele ya mgeni kikiwa kichafu, na cha mtu hakirudi kwa mwenyewe kichafu. Basi mtu akisikia depo inanunua vaze, anachukua ile aliyoachiwa na babu aliyempikia mzungu, anaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae kama sufuria ya arusi, ndipo anakuja. Mama mmoja alifika kutoka Kibombo na vaze kwenye kapu la mchele, akaniambia kwa fahari kwamba ameisugua usiku kucha, hasa pale chini palipokuwa na "uchafu wa maandishi". Mihuri ya wino na karatasi ndogo zilizogundishwa kiwandani zote zilikwenda na maji. Bila alama vaze ni kama mtu aliyepoteza kadi ya uchaguzi: yeye ni yeye, lakini nenda kaeleze. Nilikuwa nawaambia watu, "Leteni hivyo hivyo, na vumbi lake," na walikuwa wanaitikia, "Ndiyo, Mama," kisha wanakwenda kusugua. Nikajifunza kusoma vaze isiyo na jina, kwa uzito, kwa rangi ya udongo, kwa namna rangi ilivyotiririka na kusimama.

Kati ya vaze sita za Mamzeli ilikuwako moja ya kijani. Haikung'aa. Ilikuwa kijani kilichofifia, kama jani la mgomba upande wa chini, na majani yamechongwa kuanzia chini mpaka shingoni. Kila Jumapili ilikuwa mbele ya kanisa na maua. Siku moja aliilaza mapajani, akanionyesha karibu na ukingo wa chini, mahali rangi haikufika, padogo kama punje ya mahindi.

"Wanapochovya vaze ndani ya rangi, lazima muntu aishike pahali. Hapa njo kidole cha baba yangu," akasema. Akaweka kidole chake pale. Mimi sikuweka changu. Niliona si mahali pangu.

Halafu vita vikaja. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni, na sitawasumbua na yote. Gari la moshi lilikoma. Baiskeli zilizoleta vyakula kutoka Kailo zilikoma. Mji ulizungukwa, ukitoka kwenda shamba huna hakika ya kurudi, na chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Mamzeli na wenzake waliitwa waondoke, wakachukuliwa na ndege ndogo, kila mtu na mfuko mmoja. Vaze zilibaki. Mamzeli alimwachia nyumba sentinele wake, Kalume, mtu mwembamba asiyesema sana, aliyekuwa akilinda pale usiku tangu ujana. Nilikuwepo walipoagana. Mamzeli alimwambia maneno mengi kuhusu milango na paa, na mwisho akamwonyesha ile ya kijani. "Hii usitie kitu ndani yake. Hata maji mengi. Inakunywa." Kwenye maua alikuwa akitumia kikopo cha ndani, ili maji yasiguse udongo. Kalume akasema, "Nimesikia, Mamzeli." Na Kalume akisema amesikia, amesikia.

Depo ilivunjwa na watu wenye silaha. Baba Kambale alikuwa amekwama Goma, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama pale nikitazama rafu zikianguka. Baadaye kamanda mmoja alirudi na vaze ya samawati aliyoichukua, maana aliambiwa na mtu kwamba kuna mwanamke anayejua bei.

"Iko na bei?" akaniuliza.

"Iko, mukubwa, lakini ni kule watu wanakula mara tatu kwa siku."

Alinitazama sana, nami nikaona upumbavu wa ulimi wangu. Kisha akacheka, akaiacha juu ya meza, akatoka. Nililia baada ya kuhakikisha ameshafika mbali. Miaka ya vita iliyobaki nililima mboga za lengalenga kwenye kiwanja cha depo, na lenzi yangu nilikuwa nawashia moto jua likiwa kali. Ilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote.

Amani iliporudi, biashara ilirudi na ujinga mpya. Askari wa kofia za bluu walitaka kumbukumbu za kupeleka kwao. Wafanyabiashara wetu wakaanza kwenda mbali kununua mali, na Baba Kambale, masikini, akarudi na katoni nzima ya vaze zenye umbo lile lile la Ohio, ua lile lile, namba ile ile, zote mpya, zimetengenezwa Uchina. Alikuwa na furaha kama mtoto. Niligeuza moja. Zile za zamani chini ya namba zina herufi za nchi yao. Hizi palikuwa patupu. Rangi ya ua ilikuwa imevuka mpaka wake, na udongo ulikuwa mweupe kama chaki. Tuliziuza kama vyombo vya maua tu, kwa watu wenye maua tu.

Kwa sababu ya katoni ile nilianza kuzunguka nikifundisha, shuleni, makanisani, popote waliponikaribisha. Jambo nililolirudia sana ni hili: kalibu moja ilitumika kwa rangi nyingi. Ukiona mbili za umbo moja, moja kijani na moja ya kahawia, usiseme ni kitu kimoja. Mtu anaweza kukubadilishia, ukabaki na umbo bila kitu. Watu walilishika neno hilo vizuri. Walilishika mno.

Sasa nafika kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mliyotaka, najua.

Mamzeli alikwishafariki kwao. Nyumba yake ilikaa miaka mingi na risasi ukutani na miti ndani ya vyumba, na Kalume akailinda hivyo hivyo, akikaa na mkewe, Mama Sifa, katika kijumba cha sentinele nyuma ya uwanja. Mwishowe kanisa likapata nguvu ya kuitengeneza. Mpwa wa Mamzeli akatuma picha kwenye simu: shangazi yake amesimama kanisani, mbele yake ile vaze ya kijani na maua. Akauliza kwa upole kama kuna kitu chochote kilichobaki. Pasta, ambaye ni mwenyekiti wa baraza la wazee, akamwuliza Kalume. Kalume akasema tano zilichukuliwa na watu wa vita, moja iko. Asubuhi yake akaileta imefungwa kwenye kitenge cha mkewe.

Ilikuwa ya kahawia. Kahawia iliyoiva, inayong'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Urefu ule ule, majani yale yale. Chini, hakuna muhuri, pamesuguliwa.

Baraza likaweka picha upande huu na vaze upande ule. Hawakuhitaji lenzi. Wakasema Kalume ameuza ya kijani, akanunua nyingine ya bei ya chini ya umbo lile. Wakamwuliza. Alisema, "Ile njo vaze ya Mamzeli." Wakamwuliza kwa nini basi imekuwa kahawia. Walimwuliza tena kwa upole, kisha kwa ukali, naye akatazama miguu yake. Kwa hiyo wakapanga: kama hana la kusema, ataondolewa kazini, atatoka katika kijumba, na atatengwa na Meza ya Bwana. Mtu aliyelala nje na panga mapajani wakati wengine wamekimbia. Kabla ya kufunga shauri wakaniita mimi, ili niweke neno la fundi.

Nilipofika, mzee mmoja wa baraza alinikaribisha kiti. "Mama Zaina, wewe mwenyewe ulitufundisha. Umbo moja, rangi mbili. Tusidanganywe."

Ni kweli niliyasema, hapo hapo, kwenye mimbari yao. Niligeuza vaze. Muhuri hakuna. Nilipiga kwa kifundo, ikatoa sauti nzito, wala si ya ufa wala ya kulia. Nilimulika ndani: nyeusi tii. Ukucha uliteleza juu ya kitu laini ambacho sikukijua. Nilitazama mahali pa kile kidole na sikuona kitu, kahawia tupu. Kule Ohio walikuwako wafinyanzi wenye rangi za kahawia zinazong'aa, nzuri sana, na kwa macho tu ningeweza kuapa kwamba hii ni ya kwao. Nilimtazama Kalume. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mikononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kupigwa. Nimewaambia watu maelfu ya mambo kuhusu udongo, lakini sijawahi kushika udongo wenye nyumba ya mtu ndani yake.

"Nipeni nafasi," nikasema. "Msiandike lolote."

Pasta akasema, "Hatuandike, Mama. Lakini Jumapili watu wataniuliza."

Niliipeleka depo, nikaiweka dirishani na kuendelea na kazi nyingine, kwa sababu vaze ukiikodolea macho inakudanganya. Jua la saa nane linapiga dirisha lile bila huruma. Niliporudi kuisogeza, niliona tone. Chini, karibu na ukingo, tone dogo jekundu la rangi ya machungwa. Nililifuta. Likatoka jingine, pale pale, padogo kama punje ya mahindi. Nilinusa kidole changu. Ninyi mngejua hata mkiwa na mafua: mawese.

Nilikaa chini. Vaze ilikuwa inatokwa jasho mahali pamoja tu, na ni mahali pale ambapo rangi haikufika, udongo ulipo wazi. Kidole cha baba yake Mamzeli. Nilicheka peke yangu mpaka mteja mmoja akaniuliza kama niko salama.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Sifa. Nilimkuta jikoni, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Sikuzunguka.

"Mama Sifa, ulitia mawese ndani ya vaze ya Mamzeli."

Mchi ukasimama. Alinitazama, akatazama mlango, kisha akakaa juu ya kigoda.

"Nitakuambia, lakini usimwambie Pasta vile itakavyosikika mubaya," akasema. "Askari walikuwa wanaingia kila nyumba. Walibeba hata milango. Mi nikaona, kitu ya muzuri njo wanachukua. Kitu ya muchafu hawaangalie. Zile tano zilikuwa ndani ya nyumba ya Mamzeli, zote walibeba. Hii moja Kalume alileta huku, anaishika kama mutoto, hajui ataificha wapi. Nikamunyang'anya. Nikamwaga mawese ndani, nikapaka inje, nikaiweka juu ya uchaga, kwa moshi. Waliingia hapa jikoni, wakachukua sufuria, wakachukua kuku. Ile wakaipita."

"Na baadaye?"

Alishika mdomo. "Baadaye vita ikaisha, lakini ikarudi, unajua mwenyewe. Tukaogopa kuiosha. Halafu tukazoea." Akainama. "Mama, ile kitu inatunza mafuta muzuri sana. Haichachi. Tumepikia humo miaka yote. Watoto wetu wameolewa, mawese ya mboga ya arusi yao ilitoka mule. Sasa Kalume atasema je mbele ya wazee? Chombo ya maua ya kanisa, sisi tumeweka jikoni? Na Mamzeli alimwambia mbele yangu, usitie kitu. Yeye anasema afazali waseme ni mwizi."

"Na ukaisugua kabla ya kurudisha."

"Ningerudisha kitu ya muntu na masizi?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika.

Basi mnaona. Mafuta yalipita ndani, yakaingia katika udongo na katika ile mistari midogo yote. Nje, mafuta na moshi vilipikwa pamoja juu ya uchaga mwaka baada ya mwaka mpaka vikawa gamba gumu. Mchanga wa Mama Sifa uliondoa masizi, ukang'arisha gamba, ukafuta muhuri. Kahawia ile haikutoka kiwanda chochote. Ilikuwa ya Kindu.

Nilirudi kwa Pasta, nikamweleza yote, kwa sababu hakuna njia nzuri ya kusema nusu. Alisikiliza, akakuna kidevu. Nilitegemea mahubiri. Akaniambia, "Mama, mimi ninakuamini. Lakini baraza liliona kwa macho, litaamini kwa macho. Tuisafishe mbele yao." Tena ni yeye aliyetafuta maji ya oksijeni, yale ya duka la dawa yanayotoa povu kwenye kidonda. Alizunguka mji mzima akinunua vichupa, mpaka watu wakadhani kanisani kumetokea ajali.

Nawaandikia namna ya kufanya, kwa sababu hakuna atakayewaambia. Kwanza jua, na kufuta, jua, na kufuta, mpaka jasho la mafuta lipungue. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, chombo kizima kilowe, na ubadilishe maji yakichafuka. Usiharakishe na usichemshe. Gamba la nje linalainika polepole, na hapo unaliondoa kwa ukucha na kijiti cha mwanzi, kamwe si kwa chuma, na nikiwasikia na mchanga nitafufuka hata kama nimezikwa. Mwisho, vitambaa vilivyolowa maji ya oksijeni, uviringe chombo chote, ukifunike na plastiki, ukiweke juani. Povu linaingia kwenye mistari na kusukuma uchafu nje. Tulifanya kazi hiyo barazani kwa Mamzeli, wazi kabisa, na wazee wa baraza wakawa wanapita kila mmoja kwa wakati wake, wakijifanya wanakwenda mahali pengine.

Kalume hakukaribia. Aliendelea kulinda usiku, na mchana alikuwa anakaa kwenye benchi refu la kwaya, upande wa pili wa uwanja, mgongo umenyooka, anatutazama.

Siku ya kufungua, baraza zima lilikuja. Mama Sifa alisimama nyuma ya nguzo. Nilivua plastiki, nikafungua kitambaa cha shingoni. Kijani. Hakikuwa kile cha zamani chote. Mahali mchanga ulipopita palikuwa paking'aa, na kwenye mistari kulibaki uzi mwembamba wa kahawia hapa na pale. Lakini ni kijani kile cha jani la mgomba, kuanzia mdomoni mpaka chini, na chini kabisa, karibu na ukingo, pale padogo pasipo na rangi. Nikawaonyesha, nikawaambia ni nini. Yule mzee aliyenikumbusha mafundisho yangu aliinama, akaliangalia jani moja, akaiangalia picha kwenye simu, akarudi kwenye jani. "Hata hii ncha imekatika pale pale," akasema. Mimi sikuwa nimeiona.

Mmoja akaniuliza bei yake, maana binadamu ni binadamu. Nilimwambia ukweli wa kazi yangu: muhuri umefutwa, rangi imesuguliwa, udongo umeshiba mafuta. Kwa mnunuzi wa mbali si kitu cha kupigania tena.

Pasta akasema taratibu, "Na sisi tulitaka kumufukuza muntu ju yake."

Akashuka ngazi, akavuka uwanja kwenda kwenye benchi, sisi nyuma yake. Alikuwa ameandaa maneno. Niliona midomo ikiyapanga. Alimwambia Kalume kwamba vaze ni ile ile, kwamba baraza limekosea, kwamba yeye binafsi anaomba msamaha, na kwamba Jumapili atalisema mbele ya watu wote. Alimwambia pia kwamba kuhusu mawese hakuna atakayeuliza. Kalume alisikiliza akiwa amemkodolea macho, kama mtu anayesikia lugha anayoijua kidogo.

"Nimesikia, Pasta," akasema.

Akaweka kofia yake kando, akajinyoosha juu ya lile benchi mchana kweupe mbele ya baraza zima la wazee, akaweka mkono chini ya shavu. Kabla hatujajua la kufanya alikuwa anakoroma. Mama Sifa alikuja mbio kumwamsha kwa aibu, akituambia tumsamehe, tangu siku ile ya kuulizwa hajafunga macho, si usiku wala mchana. Pasta akamzuia mkono.

Wanakwaya walikuwa wameanza kufika kwa mazoezi, na benchi lilikuwa lao. Pasta akaenda mwenyewe getini kuwaambia leo wakae chini, na wasiimbe bado.